Zamu ya Orpha Stidham

Kila Jumanne saa nane mchana, maktaba ya Pigeon Fork, mashariki mwa Kentucky, huonyesha filamu ileile ya makala kuhusu bluegrass, muziki wa kienyeji wa banjo na fidla, na wanaofika hupewa kahawa na mkate wa mahindi. Orpha Stidham, mwenye miaka themanini na moja, huketi mstari wa mbele kwa sababu haoni mbali. Yeye mwenyewe yumo ndani ya filamu.

Yumo katika filamu tatu, kusema kweli. Katika ya kwanza kinaonekana kiwiko chake. Katika ya pili anawapakulia maharage wageni wenye kamera. Katika ya tatu, ndiyo hii ya Jumanne, amesimama na banjo nyuma ya shemeji yake Burl, akingoja zamu. Bendi za wakati ule zilikuwa na maikrofoni moja tu; kila mpigaji alisogea mbele, akapiga kipande chake, kisha akampisha mwenzake. Zamu ya Orpha ilipofika, mpiga picha aliona huo ndio wakati mzuri wa kubadilisha mkanda. Wimbo wenyewe ni wa Orpha, aliutunga akikamua ng'ombe. Mwishoni mwa filamu imeandikwa kwamba mtunzi ni Burl Fugate. Inaudhi, na miaka sitini haijapunguza kitu.

Siku hizi vidole vya Orpha vimekakamaa, hata kifungo cha blauzi hafungi, na kile kipande chake hakuna mwingine anayekijua. Binti yake Nedra, mtunza maktaba, hupiga wimbo wote vizuri mpaka afike hapo. Akifika hapo hunyamaza.

Mwezi wa Machi, Orpha wa kwenye filamu alianza kusogea. Hatua moja kila Jumanne. Nedra aliliandika jambo hilo kwenye daftari la maktaba, chini ya taarifa ya bomba linalovuja. Katikati ya Aprili mama yake alikuwa ameshampita mpiga fidla.

"Orpha, kumbe ulikuwa na kiuno!" alisema jirani yao, Delmer Caudill.

"Na wewe ulikuwa na meno, Delmer. Nyamaza tuone."

Nedra aliwaandikia waliotengeneza filamu, akaomba jina la mtunzi lirekebishwe. Walijibu kwa adabu sana kwamba filamu ilikamilika zamani na hakuna kinachoweza kubadilika ndani yake. Jumanne ya wiki hiyo Orpha wa kwenye filamu alikuwa ameshamwekea Burl mkono begani, ampishe.

Alifika mbele ya maikrofoni wiki ya pili ya Mei. Burl alisogea pembeni, maana ndiyo desturi, ingawa alikunja uso. Orpha akapiga. Kilikuwa kipande kifupi, chenye kasi, na kizuri mno, na Nedra, mwenye banjo mapajani, alikishika nusu tu.

"Mama," aliiambia skrini, "rudia hapo katikati. Polepole basi."

Msichana wa kwenye filamu alimtazama Nedra, ambaye wakati ule alikuwa hajazaliwa, akarudia polepole. Akarudia tena mara nne. Burl alitazama saa yake.

"Tumia kidole gumba, mwanangu," alisema Orpha wa kwenye kiti. "Hicho kingine kitakuchelewesha."

Mara ya sita Nedra alikipata chote. Delmer alipiga makofi, akamwaga kahawa. Orpha alilia waziwazi, bila kuficha uso, kisha akajifuta kwa mkono wa sweta.

Filamu ikaisha na majina yakapita. Burl Fugate, mtunzi. Jina la Orpha halikuwemo, hata kwenye orodha ya waliopika.

"Haya, toka mwanzo," Orpha alimwambia bintiye, akivuta kiti karibu. "Na ukifika pale, usimpishe mtu."