Chumvi ya Karatasini

Profesa Nyamai alizaliwa hapa Makongeni, nyumba ya tatu kutoka kwetu, na mama yake, bibi tunayemwita sote Susu Kalekye, aliacha kumwita kwa jina siku chuo kikuu kilipompa cheo. Hata akitaka maji alisema, "Profesa, niletee maji." Majirani tulicheka kwa pembeni, lakini tulijivunia pia. Mtoto wa mtia makaa wa garimoshi kukabidhiwa funguo za jumba zima la mimea mikavu si jambo dogo. Vijana wa Kaloleni ndio waliomwita Profesa wa Magugu, maana akija kumsalimu mama yake lazima ainame kando ya reli, ang'oe majani tunayoyakanyaga kila siku, mizizi na yote, ayalaze katikati ya magazeti kama mtu anayelaza mtoto mchanga.

Magazeti yakishanyonya maji ya mimea hubadilishwa, na yale yaliyotumika alikuwa akiniletea mimi. Nauza njugu za chumvi mlangoni pa holi ya Kaloleni, nazifunga kwa karatasi. Karatasi zake zilikuwa na vivuli vya majani, rangi ya chai, na watoto walizipenda kuliko za wauzaji wengine. Wakimaliza njugu walikunjua karatasi kutafuta jani, halafu wanailamba chumvi hadi ulimi unakuwa mweusi wa wino.

Jumamosi moja alikaa kwenye kigoda changu akaomba njugu. Nikamfungia. Alipotazama karatasi, ilikuwa na picha ya Mzungu mwenye kofia ya manyoya, gazeti la kabla ya Uhuru. Mzigo aliouleta mara ya mwisho wote ulikuwa hivyo, na watu walikuwa wamecheka wiki nzima wakisoma bei za farasi. Yeye hakucheka. Njugu zilimtoka mkononi zikatawanyika.

Aliniuliza zimebaki karatasi ngapi. Nikamwambia ni chache, nyingi zimeshakwenda na wateja. Ndipo akanieleza, macho yakiwa kwenye viatu vyake. Mimea iliyokusanywa zamani za Wakoloni ilipakwa sumu ili wadudu wasiile, tena sumu kali, na karatasi zilizoilalia ziliwekwa kabatini zisiguswe. Alikuwa na haraka siku ile. Alifungua kabati jirani badala ya lile alilolizoea, akabeba.

"Nthoki," akaniita kwa jina, "tuzikusanye. Tutasema chuo kinazitaka. Mama asijue."

Nilifunika njugu nikamfuata.

Tulianza kwa Falis, mama anayefanya kazi kiwanda cha sabuni, kwa sababu mwanawe Lusweti hakupitisha siku bila njugu zangu. Tulimkuta mtoto amelala kochini, fizi zimevimba, mate yanamtiririka. Falis alisema ni maembe mabichi, tangu Alhamisi anaumwa tumbo, watoto hawaambiliki. Aliposikia tumefuata karatasi alicheka sana. Akauliza kama siku hizi chuo kikuu nacho kinafunga njugu, maana mishahara ya serikali anaijua. Profesa akacheka kidogo. Akabandua hata kurasa mbili zilizokuwa ukutani, akashukuru, akatoka.

Nilibaki mlangoni namtazama Lusweti. Nilikuwa nikingoja aliyesoma aseme. Nilipoona hasemi, uso ulinichoma kana kwamba ni mimi niliyepaka ile sumu, na bado nami nikatoka kimya.

Nje, Susu Kalekye alikuwa amekaa kizingitini kwake na akina mama wa kwaya. Susu hana meno ya njugu. Hununua kwangu, anawagawia wajukuu wa watu, yeye anabaki na chumvi. Karatasi ilikuwa tayari iko karibu na ulimi.

"Mama, acha," Profesa akasema. "Hiyo ina sumu. Ni mimi niliyeileta."

Akina mama wa kwaya wakatazamana. Susu aliikunja karatasi polepole, akaishika kwenye ngumi.

"Umemwambia mama Lusweti?"

"Nimezichukua karatasi zake zote."

"Sijakuuliza karatasi."

Akanyanyuka, akajifunga leso, akatangulia. Mlangoni kwa Falis alisimama kando ili mwanawe apite mbele, na Profesa akayasema yale yale, wale wanawake wote wakiwa nyuma yake wanasikia. Falis hakupiga kelele. Alimbeba mtoto, akapita katikati yetu, akaingia kwenye gari la Profesa akakaa, anangoja aendeshwe.

Nilizunguka milango iliyobaki peke yangu. Kila niliyemwambia alinitazama mimi, si karatasi.

Hospitalini, alivyotusimulia Falis mwenyewe, daktari aliuliza mtoto amepewa sumu gani na nani. Falis akamwonyesha Profesa kwa kidevu: "Muulize huyo. Sasa anajua kusema." Lusweti alinyweshwa maziwa na mayai mabichi, akalazwa, akarudi amekonda shingo. Susu naye alipimwa, akaambiwa ana bahati.

Siku hizi namimina njugu kiganjani mwa mtu, na asiyetaka aje na kikombe chake. Profesa bado anakuja, ila hainami tena kando ya reli. Anapita kwa Falis kwanza, anabisha, anangoja. Wakati mwingine hafunguliwi.

Halafu anakwenda kwa mama yake. Tunamsikia Susu kutoka kizingitini, sauti ile ile ya zamani.

"Nyamai, niletee maji."

Anayaleta kwa mikono miwili, anasimama pale mpaka mama yake amalize kunywa.