Vifuniko vya Wilf Threlfall

Clifford Oldroyd alikuwa amekagua magari ya mbio kwa miaka arobaini na minane, na hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha. Aliliendea gari kama bibi anavyouendea mchele wenye mawe. Madereva walimwita Konokono alipokuwa hasikii, na wenye midomo mirefu walimwita hivyo hivyo akisikia.

Jumamosi ile ya Septemba, pale Skelby, kwenye uwanja wa zamani wa ndege za vita, mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na kukatika kabla ya saa tatu. Gari la saba kwenye foleni ya ukaguzi lilikuwa la kina Threlfall: dogo, la kijani, kiti kimoja, magurudumu yote nje. Wilf Threlfall, aliyefariki miaka minne nyuma, alilitengeneza kwa mikono yake katika banda la nyuma ya nyumba, na sasa liliendeshwa na binti yake Hester, mwalimu wa hesabu wa miaka hamsini na mmoja. Mama mtu, Enid, alikuwa kando kwenye kiti cha kukunja, blanketi magotini, chupa ya chai na mkebe wa keki miguuni. Hizi zilikuwa mbio za mwisho za gari hilo mikononi mwao. Jumatatu lingekwenda Ubelgiji kwa mnunuzi.

Na siku hiyo ya kuagana lilikuwa limevaa. Kila gurudumu lilifunikwa kwa sahani ya alumini iliyong'arishwa ikang'ara, imekazwa kwa boliti sita. Bila vifuniko, upepo huingia katikati ya ringi, ukavurugika na kulivuta gari nyuma. Vikiwapo, huteleza pembeni, na kwenye njia iliyonyooka dereva huvuna mwendo wa bure. Watu wazima wenye wajukuu wamegombana kwa ajili ya mwendo huo wa bure.

"Enid," alisema Piers Langstaffe, mwenye gari jekundu la nyuma yao, "leo sufuria zako zimebaki wazi jikoni?"

"Zimefunikwa, mpenzi. Kilichobaki wazi ni mdomo wako."

Foleni nzima ilicheka, Piers mwenyewe akiwamo. Kisha akamgeukia Clifford. "Mimi natania, lakini nauliza pia. Hivyo ni halali?"

Swali lilikuwa la haki. Katika mbio za magari ya zamani kuna kanuni ambayo hata muuza soseji pale langoni anaijua: gari lisivae kitu ambacho halikuvaa mbioni enzi zake. Na neno la mtu halitoshi, hata awe mjane. Sharti picha.

"Picha ipo," alisema Hester, akitoa faili la gari. "Niliipata darini, kwenye sanduku la baba."

Ilikuwa kipande cha gazeti la mji. Wilf kwenye usukani, meno nje, vifuniko vinameremeta, na chini yake maandishi: *Threlfall mbioni, Skelby, Septemba 1976.*

Clifford alivaa miwani. Akatazama magurudumu, akatazama uso, kisha macho yakapanda kwenye bomba lililo nyuma ya kichwa cha dereva, lile la kumkinga gari likipinduka. Lilikuwa tupu.

Enzi zile, gari lililopita ukaguzi lilifungwa kadi ya njano kwa uzi kwenye bomba hilo, na bila kadi halikuruhusiwa kusogea mstari wa kuanzia. Mazoezi, hata hivyo, yalifanywa Jumamosi, na ukaguzi Jumapili asubuhi, jambo ambalo leo lingemfanya mtu aitiwe polisi. Kwa hiyo picha hii ilikuwa ya mazoezi. Mwandishi wa gazeti alikosea siku. Vifuniko havikuwahi kushindana, na aliyejua hivyo vizuri kuliko mtu yeyote alikuwa Clifford Oldroyd, maana yeye ndiye aliyevikataa.

Alikuwa na miaka ishirini na miwili, siku yake ya kwanza, koti la kuazima. Kanuni ilisema: kitu chochote cha kuelekeza upepo kisisogee. Akaona vifuniko vinazunguka na gurudumu. Kinachozunguka si kinasogea? Akasema hapana, sauti ikitetemeka, mbele ya wanaume waliokuwa wakiunda magari kabla yeye hajaota meno. Wilf alimtazama, akachukua spana, akavifungua. Jumapili ile alimaliza wa pili, nyuma kwa urefu wa gari moja.

Desemba, Clifford akisoma kitabu cha kanuni kando ya moto, alifika kwenye kurasa za maelezo mwishoni, zile ambazo wakaguzi wapya hawazifikii. *Kilichokazwa kwenye gurudumu huhesabiwa kuwa sehemu ya gurudumu.* Vilikuwa halali. Wakati huo mambo yalikuwa yamekwisha kuharibika, kwani wakubwa wa mbio walikuwa wamevipiga marufuku vifuniko vyote kuanzia msimu uliofuata. Alifunga kitabu, akafunga na mdomo. Kila mwaka, mbio za kwanza za msimu, Wilf alimletea kipande cha keki ya matunda na jibini juu yake, kama wanavyokula watu wa kwao Yorkshire, na kila mwaka keki ile ilimkwama Clifford kooni.

"Nipe dakika kumi," alimwambia Hester.

Alikwenda nyuma ya kibanda chake akasimama. Kunyamaza kulikuwa rahisi mno. Picha ilikuwapo, maandishi yalikuwapo, na kadi za njano ziliachwa zamani, hapana mtu mwingine pale aliyezikumbuka. Angetia sahihi, vifuniko vingekimbia, na deni lake kwa Wilf lingelipika bila yeye kufungua kinywa. Aliitaka njia hiyo kwa moyo wote. Lakini sahihi yake ingekuwa ya uongo, na ingesafiri na faili hilo hadi Ubelgiji na popote gari litakapokwenda. Tena akajishtukia: safari hii pia, aliyekuwa akisitiriwa ni yeye.

Aliporudi alichuchumaa mbele ya kiti cha Enid, magoti yakilia.

"Bi Threlfall, siwezi kuvipitisha. Picha ni ya mazoezi. Na havikukimbia kwa sababu mimi nilivikataa, na nilikosea. Vilikuwa halali. Nimelijua hilo tangu Krismasi ya mwaka ule, na sikumwambia."

Hester ndiye aliyesema kwanza. "Urefu wa gari moja," alisema. "Baba alikuwa akitupimia mezani kwa uma na kijiko, tukiwa wadogo. Miaka yote hiyo unakula keki yetu, Clifford! Na leo unavikataa tena?"

"Leo navikataa tena."

"Basi una roho ngumu wewe." Akachukua spana akaenda kwenye gurudumu la mbele, na machozi yalikuwa yakimtoka waziwazi. Piers alisimama akikunjakunja glavu zake, kisha akachukua spana yake naye akapiga goti kwenye gurudumu la pili.

Enid alikuwa bado anamtazama Clifford.

"Wilf alijua," alisema.

"Alijua nini?"

"Kijana wee," alisema Enid, na kijana mwenyewe ana miaka sabini, "Wilf alikuwa anakisoma kile kitabu kuanzia nyuma. Alijua pale pale. Nilimwambia, kata rufaa, ushindi wako huo. Akasema, 'Nikikata rufaa nitashinda, na yule mtoto hatarudi hapa tena. Umeona alivyokuwa anatetemeka? Alitetemeka, na bado alisema hapana. Mkaguzi wa namna hiyo hupati dukani.'"

Clifford alivua miwani.

"Keki ilikuwa ya nini, unadhani? Alikuwa anasubiri useme. Kila mwaka anarudi nyumbani: 'Hajasema.' Alikuwa anacheka, lakini mwishoni mwishoni hakucheka sana." Enid alijifuta pua kwa leso. "Miaka minne umechelewa, mpenzi. Mimi hilo siwezi kukusamehe kwa niaba yake. La kwangu nimesamehe."

Clifford aliinuka kwa kushika mkono wa kiti. Alichukua faili, akaliweka juu ya pua ya gari la kijani, akaandika polepole kama kawaida yake, kisha akampa Hester asome. *Vifuniko vimekataliwa leo kwa kukosa ushahidi wa mbio. Ushahidi haupo kwa kuwa mwaka 1976 vilikataliwa kimakosa. Vilikuwa halali. Kosa ni la mkaguzi, C. Oldroyd.*

Hester alisoma mara mbili, kama anavyosoma mtihani wa mwanafunzi asiyemwamini. "Hii inabaki kwenye faili?"

"Milele. Mbelgiji ataisoma."

Hester alikunja midomo, akatikisa kichwa kukubali, akavaa kofia yake ya mbio. Hakumpa mkono. Gari likasukumwa kwenda mstari wa kuanzia, ringi zake wazi.

Vifuniko vinne vilibaki kwenye nyasi. Enid aliokota kimoja, akakipangusa kwa blanketi na kukiweka magotini. Akafungua mkebe, akakata keki juu yake, akaweka na jibini.

"Bwana mkaguzi," alisema, "kwa kazi hii vinaruhusiwa?"

Clifford alivaa miwani. Alikiinamia kifuniko, akapitisha kidole ukingoni kutafuta ncha kali, akahesabu matundu ya boliti, yote sita. Kule mbali injini zilikuwa zimeanza kunguruma.

"Kinaruhusiwa," alisema, akachukua kipande chake, akala chote.