Masikio ya Mwalimu wa Kemia

Karatasi za litmasi, zile zinazogeuka nyekundu kwenye asidi na buluu kwenye alkali, ziliisha katikati ya somo, na mwalimu wa kemia akabaki ameshika kopo tupu mbele ya darasa. Mezani kulikuwa na maji ya limau, na kando yake maji ya majivu yaliyochujwa kwa kitambaa. Akavuta maji ya limau kwa pipeti, mrija wa kioo wa kupimia, kwa mdomo kama alivyozoea, maana shule haikuwahi kununua kile kimpira cha kufyonzea maji. Tone likamteleza kooni, na masikio yake yakawa mekundu.

"Mwalimu, masikio," akasema binti wa dawati la mbele.

Mwalimu akajitazama kwenye kioo cha dirisha. Akameza maji ya majivu kidogo, masikio yakawa ya buluu. Akasukutua kwa maji ya mvua, yakarudi rangi yake. Alikuwa amemeza matone ya kila aina tangu aanze kazi, na sasa yameleta faida. Akawaambia wanafunzi waandike walichokiona. Siku hiyo hakusinzia mtu, na mwalimu akashukuru kimoyomoyo.

Kesho yake yule binti alileta chupa ya maji kutoka nyumbani. Mdogo wake alikuwa na vidonda mdomoni, hali chakula wala hanyonyi, na mama yao alikuwa amezunguka zahanati mpaka amechoka. Mwalimu akaonja. Masikio yakaiva.

"Kisima chenu kiko wapi, mwanangu?"

"Nyuma ya ukuta wa kiwanda cha mabati."

Mabati huogeshwa kwenye asidi kabla ya kupakwa zinki. Hilo limo katika kitabu cha kiada. Asidi iliyokwisha kutumika inamwagwa wapi, kitabu hakisemi.

Asubuhi iliyofuata mama wa binti alifika nyumbani kwa mwalimu na ndoo ya maji na majivu kwenye bakuli, kama mwalimu alivyomwagiza. Alitia majivu kidogo kidogo, akikoroga, na mwalimu akionja, mpaka masikio yakatulia. Akizidisha, yanakuwa ya buluu, na inabidi waongeze maji ya kisima. Haukupita muda vidonda vya mtoto vikakauka. Siku alipomwona mwanawe anatafuna, mama alilia kwa furaha, akaenda kuwaambia majirani.

Basi kila asubuhi kabla ya kengele ya shule, foleni ya ndoo ikawa inaanzia mlangoni kwa mwalimu. Mkewe hakupendezwa.

"Baba watoto, hayo meno hayana spea," alisema.

"Mtoto wa watu sasa anakula," akajibu. Alikuwa na furaha kweli. Alikuwa amefundisha alkali miaka nenda miaka rudi, na hajawahi kuambiwa asante.

Yeye na mama wa binti walikwenda kiwandani kuomba mtaro wa maji machafu unaopita kando ya kisima ugeuzwe. Meneja aliwapokea vizuri, akaagiza chai, akaomba kuona masikio. Mwalimu akaonja maji ya mtaro, na wahasibu wakaitwa waje kutazama. Meneja akasema atalishughulikia.

Akalishughulikia. Lori lilikuja limejaa mabati mapya, na meneja mwenyewe kiti cha mbele, ili wanaopanga foleni wapate banda la kujikinga.

"Ni shukrani zetu," akasema. "Bila mwalimu, malalamiko yangetumaliza."

"Na mtaro?" akauliza mama wa binti.

"Mtaro una tatizo gani tena, mama, na dawa mnayo?"

Watu wakatazama juu. Mawingu yalikuwa yameshatanda, na banda lilikuwa linahitajika. Mwalimu akampa meneja mkono, akamshukuru kwa moyo mmoja, na wengine wakafuata.

Banda lilikuwa zuri, halivuji hata tone. Mabati yake yaliwapendeza wapita njia, wengi wakataka ya namna ile, na kiwanda kikaongeza zamu. Mama wa binti akatua ndoo yake chini ya banda. Mwalimu akanywa kwa upande uliobaki na meno, na wekundu ukashuka mpaka shingoni. Mama akatia konzi ya majivu, akakoroga. Bado. Akatia nyingine, na nyingine tena, mpaka masikio yakatulia.

"Asante sana, mwalimu," akasema, akijitwika ndoo. "Tafadhali usije ukatufia."