Kompyuta Kando ya Msumeno

Muhidin aliingia getini akiwa amekumbatia katoni kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa, na kabla hajasalimu mtu akapiga chafya.

"Shiru, kweli mnaishi hapa? Hii si hewa, hii ni unga."

"Karibu Elburgon," Shiru alisema. "Utazoea. Mimi nilizoea nikiwa bado tumboni."

Alicheka, lakini uso wake haukufuata. Alikuwa na uchovu ule ambao usingizi hauutoi. Tangu mama yake azikwe alikuwa amerudi nyumbani kukaa na baba yake, mzee Jamleck, katika nyumba ya mbao iliyojengwa ubavuni mwa kiwanda chake cha kupasua mbao. Chuo alikuwa amemaliza. Kazi pia alikuwa nayo: familia zilizofiwa zilimletea picha na vipande vya video kutoka kwenye simu zao, naye akavishona kuwa filamu fupi ya kuonyeshwa siku ya mazishi. Aliipenda kazi hiyo kwa moyo wote. Aliamini kwamba mtu akizikwa bila kutazamwa vizuri mara ya mwisho, ni kama amezikwa mara mbili.

Shida ilikuwa kompyuta. Kila ilipofika mahali pa kuunganisha filamu nzima, ilichemka ikajizima. Unga wa mbao ulipita kwenye mianya ya kuta ukajaa kwenye feni. Siku moja mzee, kwa kutaka kusaidia, aliibeba mpaka kiwandani akaipuliza kwa kompresa, ile anayosafishia injini ya msumeno. Feni ilizunguka kwa wazimu, ikalia kama mbuzi, ikavunjika mapanga.

"Nimeitoa uchafu wote, Maitu," alimwambia kwa fahari. Alimwita Maitu, yaani mama yangu, kwa kuwa Shiru ndiye aliyepewa jina la nyanya yake mzaa baba. Siku hiyo Shiru alikosa hata nguvu za kukasirika.

Sasa lilibaki jaribio moja: kuipoza kwa maji. Likikubali, angebaki nyumbani. Likikataa, angehamia Nakuru mjini, kwa rafiki yake Nuria aliyekuwa na chumba cha ziada, na mzee angebaki peke yake. Hakuna aliyelitaja jambo hilo mezani, lakini kila jioni walilila pamoja na githeri.

Muhidin, aliyekuwa na duka dogo la kutengeneza kompyuta mjini, alipanga vifaa vyake juu ya meza: kipande cha shaba cha kukalia prosesa, pampu, tangi dogo la plastiki, mipira ya kupitisha maji, na rejeta nyembamba yenye feni mbili.

Mzee Jamleck alisimama mlangoni, kofia mkononi. "Kijana, unataka kutia maji ndani ya stima?"

"Ni kama lori tu, mzee. Lori si liko na rejeta?"

"Liko nayo. Na imenichoma mkono mara ngapi?"

"Hii haichomi. Hii ni rejeta ya watu wa ofisi."

Mzee alitabasamu kidogo, akavaa kofia, akatoka.

Walifanya kazi asubuhi nzima. Muhidin alipangusa prosesa, akaipaka dawa nyeupe nzito ya kupitisha joto, akakaza kile kipande cha shaba juu yake, skrubu hii kidogo, ile kidogo, kisha akarudia ya kwanza. Shiru alikata mipira na kuichomeka.

"Elewa kitu kimoja," Muhidin alisema bila kuinua kichwa. "Maji hayamalizi joto. Yanalibeba tu. Yanalitoa hapa, yanalipeleka kwa rejeta, halafu feni inalitupa nje. Rejeta isipopumua, tumefanya kazi bure."

"Itapumua."

"Kwa hii unga yenu?"

"Muhidin, itapumua. Nimechoka kusikia haitawezekana."

Muhidin akamimina maji yaliyosafishwa ndani ya tangi, polepole. Kisha wakafanya kile ambacho mtu mwenye haraka hukiruka: waliwasha pampu peke yake, sehemu nyingine zote zikiwa zimekatiwa umeme, na chini ya kila kiungio wakatandika karatasi ya tishu. Maji yakakimbia kwenye mipira yakigugumia. Walilishika sanduku la kompyuta huku na huku, wakaliinamisha kushoto, wakaliinamisha kulia, ili mapovu yapande yatoke. Karatasi moja ikalowa. Muhidin akakaza kiungio, akabadilisha karatasi, wakakaa kungoja. Walikunywa chai. Shiru alisinzia akiwa ameketi, akazinduka, akazigusa karatasi moja moja. Zote zilikuwa kavu.

"Sasa tuitese," Muhidin alisema.

Waliwasha kompyuta yote, wakafungua programu inayoilazimisha prosesa kufanya kazi mpaka mwisho wa nguvu zake. Zamani namba ya joto ingeruka mara moja hadi nyuzi tisini na kitu, kisha giza. Leo ilipanda hadi hamsini, ikafika hamsini na tano, ikasimama. Wakangoja. Ikabaki palepale.

"Kwisha hiyo!" Muhidin akapiga meza. "Shiru, si nilikuambia? Hata barafu ije ijifunze hapa!"

Shiru aliifunika midomo yake kwa mikono yote miwili. Akilini aliona jikoni, aliona baba yake akila na mtu mbele yake, mwaka huu na mwakani. Alitaka kumwita, na alipofungua kinywa ndipo akatambua kwamba hangehitaji kupaza sauti. Kulikuwa kimya. Siku ya kazi, jua liko juu, na msumeno hausikiki. Haukuwa umesikika tangu asubuhi.

Akatoka nje. Omolo, mfanyakazi wa mzee, alikuwa amelala chali juu ya magogo ya saiprasi, kofia usoni.

"Omolo, kwani leo hakuna kazi?"

"Leo ni sikukuu, madam. Mzee amesema msumeno usisumbue kompyuta mpaka mgeni aende."

Baba yake alikuwa amechuchumaa nyuma ya injini akifuta kitu ambacho tayari kilikuwa safi.

"Baba, mbona hampasui?"

"Mkanda wa injini umekatika."

Mkanda ulikuwa umetundikwa msumarini juu ya kichwa chake, mzima, bila hata ufa. Wote wawili waliutazama.

"Utauvua mpaka lini?" Shiru aliuliza kwa upole.

"Leo tu."

"Na kesho?"

Mzee alikikunja kitambaa chake, akakikunjua. "Nilitaka upite mtihani, Maitu. Ni hayo tu."

"Hata mimi nilitaka. Lakini sasa sijui kama nimepita." Akakaa karibu naye, juu ya gogo. "Urudishe, Baba. Tuone ukweli."

Mzee aliweka kitambaa chini. Kisha akasimama kwa kujikongoja, akautoa mkanda msumarini, akamwita Omolo. Injini ilikohoa, msumeno ukaanza kulia, na unga ukainuka kama kawaida yake.

Muhidin aliondoka jioni, akamwachia Shiru brashi ndogo ya rangi. "Namba ikianza kupanda, safisha rejeta," alisema, na hakufanya mzaha wowote.

Kesho yake Shiru alifanya kazi msumeno ukilia. Alikuwa akiunganisha filamu ya mwalimu mmoja wa Molo aliyependa kuimba. Asubuhi namba ilisimama hamsini na tano. Ilipopanda, alisafisha. Ilipopanda tena, alisafisha tena, na kila mara ilipanda upesi zaidi. Unga wa saiprasi mbichi una unyevu na utomvu. Ulikuwa umeganda kwenye rejeta kama blanketi, na brashi iliteleza tu juu yake. Alifunga dirisha, chumba kikawa tanuri. Akafungua. Mchana, mwalimu akiwa katikati ya wimbo, skrini ikawa nyeusi.

Hakulia. Aliuweka mkono juu ya sanduku lililochemka akakaa hivyo.

Msumeno ulipozimwa, baba yake aliingia, nyusi zikiwa nyeupe kwa unga. Aliitazama skrini.

"Imekataa?"

"Imekataa, Baba."

Mzee aliketi kwenye kitanda cha Shiru. "Nitafunga kiwanda."

"Ule nini?"

"Nimeshakula miaka mingi."

"Na Omolo?"

Mzee alijipangusa unga nyusini.

"Naweza kuacha kazi hii," Shiru alisema. "Nitafute nyingine, ya hapa hapa."

"Hapana." Sauti yake ilikuwa kali kuliko alivyokusudia, na akaishusha. "Ile filamu uliyomfanyia mama yako. Kanisa lote lilinyamaza. Mimi nilikuwa nimesahau alikuwa anacheka vile, akishika shingo. Nimeishi naye maisha yote na nilikuwa nimesahau. Hiyo kazi haiachwi kwa sababu ya unga wa mbao."

"Wewe utabaki na nani?"

"Nitabaki na Omolo, ananikoromea juu ya magogo." Alijaribu kucheka. "Nitaumia, Maitu. Siwezi kukudanganya mara mbili. Lakini nikikuweka hapa uzimike kama hiyo mashine, nitaumia zaidi."

Hapo ndipo Shiru alipolia, bila kelele, kama mtu anayetua mzigo. Mzee alimwacha alie. Kisha akainuka, akalipima sanduku la kompyuta kwa shubiri, urefu, upana, kina, midomo ikisoma namba.

"Barabara ya Njoro kwenda Nakuru ina mashimo," alisema. "Mipira hiyo ikitingishwa itachomoka. Inataka kasha lake."

Walitoka pamoja. Alichagua mbao laini isiyo na vifundo, akaigonga kwa kidole, akairudisha, akachagua nyingine. Akawasha injini. Mikono yake ilikuwa imechoka na jua lilikuwa limeshuka upande wa msitu wa Mau, lakini hakumwita Omolo.

"Shika huo upande," alimwambia binti yake. "Usinitazame mimi. Tazama mstari."

Akashika, na mbao ikaanza kwenda.