Herode wa Kibomet

Nasambu alipofika Kibomet, pembeni mwa mji wa Kitale, mwezi wa tisa, tumbo lake lilikuwa limeanza kuonekana chini ya sweta. Nyaruai, mke wa kaka yake, alimpokea mlangoni, akamchukulia begi, akamwonyesha chumba chake. Chumba hicho ndicho kilichomuuma Nyaruai kwanza.

Yeye na mumewe, Festus Wekoye, walipojenga ile nyumba, walikipaka rangi ya manjano kwa ajili ya mtoto. Mtoto hakuja. Mimba ziliingia zikatoka, mpaka wakaacha kulizungumza jambo hilo. Magunia ya mbegu na mbolea kutoka dukani kwa Nyaruai yakahamia mle kidogo kidogo, dirisha likazibwa. Kila alipomwomba Festus wayaondoe, Festus alisema Jumamosi ijayo. Lakini mama yake alipopiga simu kutoka Kabuchai kusema kwamba kitinda mimba wake amepata mimba akiwa chuoni Bungoma, kwamba kijana mwenyewe amekana, na kwamba majirani wameanza maneno, Festus aliyatoa magunia yote asubuhi moja, akafagia, akaenda mjini Kitale kununua godoro.

"Atakaa na sisi mpaka ajifungue," alisema. "Wewe ni mtu wa kanisa. Kwako atatulia."

"Sawa, Mwalimu," Nyaruai akajibu. Alimwita Mwalimu kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yake, na kwa sababu hapakuwa na jina la mtoto la kumwitia.

Nasambu hakuwa msichana wa kusumbua. Aliamka mapema, akafua, akapika, akaimba akiosha vyombo. Ingekuwa rahisi kumchukia kama angekuwa mvivu. Mama mkwe, Roselyne, alipiga simu kila jioni. Zamani simu zake zilikuwa za Festus peke yake, na salamu za Nyaruai zilipitia kwake kama chumvi iliyosahaulika ikatiwa baadaye. Sasa alimpigia Nyaruai mwenyewe.

"Nasambu amekula?"

"Amekula, mama."

"Mboga gani?"

"Sukuma na mayai."

"Umpikie pia mrenda. Hiyo inasaidia mtu mwenye mimba. Na asiinue ndoo."

Karanga zilitumwa kutoka Kabuchai, na ndizi, na kuku wawili waliofungwa miguu. Nyaruai aliwakata hao kuku, akawatia kwenye sufuria, akakumbuka jinsi alivyolala kitandani kila mimba ilipotoka, akinywa chai ya rangi aliyoletewa na jirani. Kutoka Kabuchai hakukuja hata yai.

Kanisani mambo yalikuwa magumu zaidi. Akina mama wote waliitwa kwa majina ya watoto wao, isipokuwa Nyaruai. Yeye alikuwa Dada Nyaruai, ingawa mvi zilikuwa zimeshaanza kumtoka juu ya paji la uso. Nasambu hakumaliza mwezi mmoja kabla ya kuanza kuitwa Mama Mtoto. Festus aliwaambia watu kwamba mume wa Nasambu anafanya kazi Nairobi. Nyaruai aliusikia uongo huo, akanyamaza. Wanawake walimkalisha Nasambu kwenye kiti chenye mto, wakamgusa tumbo, wakamuuliza kama mtoto anacheza.

Jumapili moja mchungaji alihubiri juu ya Maria alivyokwenda milimani kwa Elisabeti, jamaa yake, na Elisabeti alivyofurahi kumwona. Alitabasamu akiitazama benchi yao, na vichwa vikageuka. Nyaruai naye akatabasamu. Ila moyoni alikuwa anambishia mchungaji. Elisabeti alikuwa na wake tumboni tayari. Hata mimi ningefurahi. Je, angekuwa mtupu, na yule binti akabisha hodi akiwa na tumbo lake? Angeimba? Au angemwonyesha pa kulala, kisha aende nyuma ya nyumba akaume kanga yake?

Kila mwaka Nyaruai ndiye aliyeongoza igizo la Krismasi. Alishona mabawa ya malaika kwa mapazia ya zamani, akawafundisha watu maneno yao, akagombana na wachungaji wa kondoo waliocheka mbele ya hori. Kazi hiyo ilikuwa yake na hakuna aliyeigusa. Mwezi wa kumi na moja, Joan, mke wa mchungaji, alimjia baada ya ibada akiwa amejaa furaha.

"Dada Nyaruai, kamati tumepata Maria. Si ni Nasambu? Anaimba vizuri, na mwaka huu hatutafunga mtu mto tumboni."

"Hamkuniuliza," Nyaruai alisema.

"Tulijua utafurahi. Ni wa nyumbani kwako."

Usiku ule hakulala vizuri, na kesho yake aliwapa wateja wawili mbegu wasizoagiza. Jumatano alikwenda kwa Joan. Hakwenda kwa hasira. Alibeba maziwa, akakaa, akaulizia watoto, kisha akashusha sauti.

"Nimekuja tu ili tumwombee Nasambu. Sitaki ifike mbali. Hana mume huko Nairobi. Huyo kijana alimkana. Mimi nampenda, lakini nimeogopa kanisa litakuja kujua baadaye na igizo liwe aibu. Tumwombee tu."

Joan aliweka kikombe chini. "Asante kwa kuniambia kwa upendo," alisema.

Kamati ilikaa Jumamosi. Jumapili, Joan alimwita Nasambu kando, chini ya ukuta wa ofisi, akazungumza naye huku amemshika mkono. Nafasi ya Maria akapewa Wamboi, mpwa wa mchungaji. Nasambu hakulia. Alirudi nyumbani, akapika chakula cha mchana, akaosha vyombo bila kuimba, na Jumatatu, Festus akiwa shuleni na Nyaruai dukani, akarudi kwao Kabuchai na begi lake.

Roselyne alipiga simu jioni ile, na safari hii hakuuliza habari za chakula.

"Mtoto wangu amefika hapa miguu imevimba. Nilimleta kwako akae kwa amani. Nani huko alisema hiyo maneno?"

"Sijui, mama," Nyaruai alijibu. "Watu wa kanisa wanaongea."

Festus alikaa mezani bila kugusa chakula. Alisema atawahama hao watu wa kanisa. Chumba cha manjano kilikuwa kimefagiliwa, blanketi limekunjwa vizuri juu ya godoro. Nyaruai alisimama mlangoni akingoja kusikia nafuu. Haikuja. Wivu ulikuwa pale pale, na sasa hapakuwa na mtu wa kuuelekezea.

Mazoezi yaliendelea. Wiki moja kabla ya Krismasi, mchana, walikuwa wanafanya sehemu ya mamajusi. Herode alichezwa na Gikonyo mwenye bucha, mtu mkubwa mwenye sauti ya kutetemesha mabati. Aliingia akipiga kelele, akarusha mikono, akawafokea mamajusi mpaka watoto wakacheka.

"Hapana, Gikonyo," Nyaruai alisema. "Unawafukuza. Ukiwafokea hivyo, nani atakuambia mtoto yuko wapi?"

"Si ni mtu mbaya?"

"Ni mbaya, lakini hawajui. Anaongea nao kwa upole. Anawaita kando, kwa siri. Anawaambia wamtafute huyo mtoto, wakimpata wamletee habari, ili na yeye aende kumsujudia. Anasema kama mtu wa dini."

Gikonyo alikuna kichwa. "Lakini huyu mzee alikuwa anaogopa nini, bana? Ana nyumba, ana askari, ana kila kitu. Mtoto mchanga amemchukulia nini?"

"Hajamchukulia kitu," Nyaruai alisema. "Ni vile watu wanamtafuta huyo mtoto. Hawakuja kumtafuta yeye."

"Haya, wacha nijaribu." Gikonyo akawakaribia mamajusi, akainama, akashusha sauti. "Nendeni mkamtafute. Mimi nampenda huyo mtoto. Nataka tu kumwabudu."

Aliifanya vizuri mno. Nyaruai alisikia sauti yake mwenyewe sebuleni kwa Joan, yenye maziwa na maombi. Aliketi kwenye benchi. Kwa miaka yote aliyofundisha igizo hili alikuwa amejiona katika wengi: kwa Elisabeti siku za matumaini, kwa Hana, yule tasa wa Agano la Kale, watu walipomwonea huruma, mara nyingine kwa mwenye nyumba ya wageni asiye na nafasi. Hakuwahi kufikiri kwamba katika habari yote ya kuzaliwa kwa Yesu mwenye wivu ni mmoja tu, na kwamba huyo ndiye yeye.

"Nimeharibu?" Gikonyo aliuliza.

"Hapana. Umepata."

Jioni alimwambia Festus. Alimwambia yote, hata habari ya magunia. Festus alisikiliza akiwa amekaa kitandani na kiatu kimoja mguuni.

"Hayo magunia," alisema mwishowe, "sikuyatoa kwa sababu kukiona hicho chumba kitupu kuliniuma. Sikujua magunia yenyewe yalikuwa yanakuuma wewe." Kisha akasema, "Lakini Nasambu ulimfanyia vibaya. Utaenda mwenyewe. Mimi sitakuombea msamaha."

Asubuhi Nyaruai alipita kwa Joan, akamwambia kwamba maombi yale hayakuwa maombi, yalikuwa wivu, na kwamba watafute mtu mwingine wa kuongoza igizo. Joan akasema kwamba kamati nayo haikuwa lazima ikubali upesi vile. Nyaruai alifunga duka, akapitia Chwele, akafika Kabuchai jua likielekea kuzama juu ya mashamba ya miwa.

Roselyne alimwona kutoka mbali, akaingia ndani. Nasambu alikuwa jikoni, ameketi juu ya kigoda akichambua maharagwe, tumbo limemjaa mapajani.

"Ni mimi niliyemwambia Joan," Nyaruai alisema, kabla hata ya kukaribishwa.

"Najua. Joan aliniambia eti wifi yako anakuombea sana." Nasambu aliendelea kuchambua. "Nilishangaa tu. Ningejua unaumia, si ningehama mapema?"

"Ningekuambia nini? Kwamba naonea wivu tumbo ambalo wewe mwenyewe unaona aibu kulibeba?"

Nasambu alisimamisha mikono. Machozi yalimtoka, akayapangusa kwa bega. "Sijui niseme nini, wifi. Bado nina hasira. Lakini umetoka mbali. Kaa, ugali unakaribia kuiva."

Nyaruai alikaa. Roselyne hakumsemesha siku ile wala iliyofuata, lakini goti lilikuwa linamsumbua, na kazi ilikuwa nyingi. Nyaruai alichota maji, akakamua ng'ombe. Siku ya Krismasi, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, hakuwa Kibomet. Walikwenda kanisa dogo la pale kijijini. Hapakuwa na mabawa wala nyota ya karatasi. Mzee wa kanisa, Zachary, alisoma habari ya malaika na wachungaji kwa shida, kidole kikifuata mistari, na alipofika mahali malaika anaposema mtoto amezaliwa kwa ajili yenu, alirudia, kwa kuwa alikuwa amepoteza mstari.

Kwa ajili yenu. Nyaruai aliyajua maneno hayo kwa kichwa. Alikuwa amewafundisha malaika wengi. Lakini hakuwahi kuwaza waliambiwa akina nani. Wachungaji hawakuwa ndugu wa Maria. Hakuna aliyewatumia habari kwa sababu ya ukoo. Walikuwa watu wa baridi na kondoo, na mtoto wa mwanamke wasiyemjua akazaliwa, wakaambiwa ni wenu. Wakaenda kumtazama. Kisha wakarudi kwa kondoo wale wale, mikono mitupu, wakimsifu Mungu. Mungu alikuja duniani kama mtoto wa mtu mwingine, aliwaza, na ndivyo alivyo kwetu sote, isipokuwa mwanamke mmoja.

Wazo hilo halikumponya. Lilimpa tu mahali pa kusimama.

Uchungu ulimshika Nasambu siku mbili baadaye. Roselyne hakuweza kusafiri na goti lile. Alimtazama Nyaruai, akavua shuka aliyojifunga, akampa.

"Mfunike njiani," alisema. "Na usimwache peke yake."

Hospitalini Bungoma muuguzi mmoja, Chepkirui, aliuliza Nyaruai ni nani wa mgonjwa. "Mke wa kaka yake," alisema, akaruhusiwa kuingia. Nasambu alimshika mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Alimlaani yule kijana wa chuoni, akamwita mama yake, akamwita Nyaruai. Mtoto alizaliwa kabla ya saa sita mchana, wa kike, mwenye nywele nyingi. Alipotoa kilio chake cha kwanza, kitu kilimkata Nyaruai chini ya kifua, kile kile cha siku zote. Alitoka nje, akashika ukuta wa korido, akalia kwa nguvu, kwa ajili ya watoto wake wote ambao hawakulia. Hakuna aliyemshangaa; pale watu hulia. Alipomaliza alinawa uso, akarudi ndani, akamlisha Nasambu uji kwa kijiko.

"Mshike kidogo," Nasambu alisema. "Nataka kulala."

Alimshika. Alikuwa mzito kuliko alivyodhani.

Walikubaliana Nasambu abaki Kabuchai mpaka mtoto akue kidogo, kisha arudi chuoni. Nyaruai alirudi Kitale mwezi wa kwanza, kufungua duka. Kila Jumamosi anayoweza, anakwenda Kabuchai na sabuni na maziwa ya unga, na Roselyne, ambaye bado ni mwanamke wa maneno machache, humtengea chai. Yako majuma ambayo wivu humjia barabarani, ghafla, hasa akipita kituo cha Chwele na kuona akina mama na watoto mgongoni. Siku hizo huomba, akiwa amefumba macho, bila kuwaambia watu anaomba nini. Kisha anaendelea na safari.