Kamba ya Mwalimu Tulinagwe

Hakuwa na rula ya ubaoni, wala vitabu vya kutosha. Hakuwa na mume wa kumsemea kwa mkuu wa shule. Hakuwa na ulimi wa kubembeleza wakubwa. Alichokuwa nacho Mwalimu Tulinagwe, pale sekondari ya kata huko Ngonga, ni kamba yenye fundo kila mita, na kichwa kigumu: hisabati yake haikukaririwa, ilibishaniwa.

Siku hiyo alikipeleka kidato cha pili kwenye shamba la mpunga la ndugu wawili, Ambrose na Wilson. Marehemu baba yao aliwagawia kama wazee wa huku wagawavyo: hatua sawa kando ya barabara, kila mtu na upande wake, basi. Mwalimu akauliza kama upana sawa barabarani maana yake ni shamba sawa, akawaacha wazozane. Wakapima hadi mtoni, wakachora, wakafuta, wakachora tena. Anyosisye, binti wa Ambrose, ndiye aliyepata jibu: mto umepinda ukala upande wa baba yake. Upande wa baba mdogo ulikaribia kuwa mara mbili.

Wenzake wakapiga makofi. Ambrose, aliyekuwa akipalilia karibu, aliuliza kama ni kweli, akamwambia mwalimu ndaga, yaani asante, kwa upole kabisa, kisha akaenda kung'oa miti ya mpaka.

Wilson alimkuta hapo. Hawakutukanana. Panga lake lilipasua bega la kaka yake hadi mfupa ukaonekana. La Ambrose likamfyeka pajani. Maji ya mpunga yakageuka mekundu. Mwalimu akajitupa katikati, na vidole vyake viwili vya mkono wa kulia vikabaki topeni.

“Umemfundisha mtoto kunipima,” Wilson alihema.

“Nimemfundisha kuuliza.”

“Basi aulize nani atatushona.”

Mkuu wa shule alimfuata mwalimu hospitalini na agizo: amwandikie afisa elimu barua ya kujieleza, aahidi kutotoka tena darasani, la sivyo kazi hana. Anyosisye alikuja baadaye, macho yamevimba, akauliza kama alikosea.

“Hesabu yako ilikuwa sawa, mwanangu. Kosa ni langu. Sikuwauliza wenye shamba.”

Akaandika hivyohivyo, kwa mkono wa kushoto, herufi zikiyumba: kosa lake lilikuwa lipi, na kwamba atapima tena, ila kwa ruhusa. Ahadi waliyoitaka hakuiandika. Akabandika bahasha kwa punje za wali uliopoa, akaikandamiza kwa kiganja kizima, akamkabidhi kijana wa bodaboda aliyekuwa akielekea Kyela mjini.