Mlango wa Mtani Wangu

Mimi sikuomba ujaji. Niliitwa. Mwalimu Chrispin, anayefundisha useremala kwenye chuo kimoja cha ufundi pale Singida mjini, alinipigia simu nikiwa Issuna, juu ya kenchi la paa la nyumba ya watu, na ilibidi niteme misumari kwanza ndipo nijibu. Akasema wanafunzi wao wa mwaka wa mwisho wana mashindano ya kubuni vitu vya mbao na wanamtaka jaji anayeijua mbao. Nikamwambia mbao naijua, ila vijana wa siku hizi siwajui. Akacheka, akasema njoo hivyo hivyo.

Basi Jumamosi nikafunga sanduku langu la kazi nyuma ya pikipiki, maana nilikuwa na nia ya kurudi Issuna kumalizia lile kenchi, nikaenda. Jaji mwingine, Mama Dorkas wa ofisi ya misitu, alikwama Shelui. Lori lilikuwa limelala katikati ya barabara na huku na huku hakuna anayepita. Akatuma ujumbe tuanze bila yeye. Tukabaki wawili.

Mwenzangu aliitwa Bwana Sixbert, mchora ramani za majengo, mzaliwa wa Bukoba anayekaa Dar. Kijana mpole, shati limepigwa pasi mpaka mikononi, na adabu za kukufanya ujikague kucha. Aliniita "Mtaalamu". Maisha yangu yote naitwa Fundi Alute, au "we Alute" na wale ambao makabati yao yamechelewa. Mtaalamu! Nikaketi vizuri kwenye kiti.

Zawadi ilikuwa moja tu, kwa mshindi wa kwanza: sanduku zima la zana, jipya, limewekwa mezani likiwa wazi. Randa, patasi, misumeno, drili ya umeme. Wanafunzi walikuwa wakilipitia karibu kama watoto wanavyopita kwenye nyama choma. Sikuwalaumu, hata mimi nililitazama.

Tukaanza kuzunguka. Binti mmoja alikuwa na hereni za vipande vya mpingo. Mwingine alikuwa na sinki la kunawia la mbao, ambalo maji yake yalimwagikia viatu vya Bwana Sixbert, naye akaomba radhi yeye. Kijana anayeitwa Joshua alikuwa na saa ya ukutani yenye magurudumu ya meno, yote ya mbao, hakuna chuma hata kidogo. Saa nzuri. Ilikuwa nyuma kidogo ya wakati, lakini nani hapa Singida hayuko nyuma kidogo.

Kila mwanafunzi Bwana Sixbert alimuuliza swali moja: ukishinda, vifaa hivi utavifanyia nini? Wakajibu majibu ya kwenye mtihani, mara kuinua uchumi, mara kujiajiri. Mpaka tukafika kwenye mlango.

Ulikuwa mlango kweli, wa mninga, umesimamishwa kwenye fremu yake. Usawa wa kifua zilipangwa mbao nyembamba za urefu tofauti, kama marimba, na pembeni kinaning'inia kinyundo kidogo. Mwenye mlango alikuwa binti mrefu mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Shikamoo mzee," akaniambia. Nikaitikia marahaba.

"Jina lako nani?" akauliza Bwana Sixbert.

"Eliana Mazengo. Kwetu tuko wengi, na wote tunapiga hodi inayofanana. Mama akiwa jikoni nyuma hajui ni nani. Kwa hiyo nimempa kila mtu hodi yake." Akachukua kinyundo. "Hii baba. Hii mjomba. Hii jirani anayekuja kuomba chumvi."

Mlango ukaimba. Nasema ukaimba na sitanii. Nimepasua mninga, nimeuranda, nimeulalia, nimepigana nao, na sikuwahi kuusikia ukiongea. Hodi ya jirani wa chumvi ilikuwa na aibu kidogo ndani yake, unamsikia kabisa anavyosita.

"Na ukishinda?" akauliza Bwana Sixbert.

"Kuna karakana Manyoni imenikubali," akasema Eliana, na macho yakakimbilia lile sanduku mezani. "Sharti niende na vifaa vyangu. Nisipoenda navyo mwisho wa mwezi huu, nafasi anapewa mwingine. Basi."

Hapo ningesema: binti, hongera. Lakini nilikuwa nimeshasikia Mazengo, nimeshasikia Manyoni.

"Wewe Mgogo?" nikamuuliza.

"Mgogo kabisa. Kwani mzee ni nani?"

"Mnyaturu."

Akatabasamu mpaka masikioni, nami nikatabasamu, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwa asiyejua: sisi na Wagogo ni watani. Tukikutana hatuachiani. Mgogo akikupita bila kukurushia neno, ama anaumwa ama ana jambo na wewe. Na kumsifu mtani wako usoni, mbele za watu, ni kumwambia humjui, hamhusiani. Kadiri kitu chake kilivyo kizuri ndivyo unavyotakiwa kukiponda. Na mlango ule ulikuwa mzuri sana.

"Wagogo bwana," nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma. "Hata ng'ombe akipotea, kwanza wanaimba, ndipo wanamtafuta. Sasa wamefikia kuimbisha na mlango."

Watu wakacheka. "Afadhali sisi tunaimba," akajibu Eliana. "Mnyaturu akiona mlango, anauliza gunia la vitunguu litapita?"

Bwana Sixbert akanigeukia na kalamu yake. "Mtaalamu, kwa upande wa mbao. Zimekauka vizuri?"

"Zikauke wapi? Mbichi kabisa hizi. Ziacheni hapo mpaka masika muone zitakavyochipua. Huu si mlango, bwana, ni kuni zimefungwa bawaba."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Eliana alicheka mpaka akashika fremu. Mimi nilicheka nikapaliwa. Bwana Sixbert peke yake hakucheka. Alikuwa anaandika, nami nikadhani anaandika yake.

Tulipoingia chumba cha walimu kujumlisha, Mwalimu Chrispin akatuwekea soda na karanga. Nikasema mimi sina maneno mengi, mlango ni wa kwanza na vingine vyote vinafuata kwa mbali.

Bwana Sixbert akaweka chupa chini. "Mlango? Ule wa mbao mbichi?"

"Mbichi wapi?"

"Umesema wewe. Mimi nilikuwa nimeupa namba moja. Uliposema ni kuni nikaushusha, saa ya Joshua ikapanda juu yake. Mimi si mtu wa mbao, Mtaalamu. Nimekutegemea wewe."

Nikacheka, nikamweleza habari ya utani tangu mwanzo. Nikamwambia mbao mbichi ukiigonga inasema pu, kama umegonga kiazi. Ile imekauka mpaka moyoni, ndiyo maana inalia vile. Alinisikiliza kwa adabu zake zote.

"Utani naujua," akasema. "Kwa hiyo mtani wako ni kama ndugu yako."

"Zaidi ya ndugu. Ndugu nagombana naye."

Mwalimu Chrispin akakohoa. Akasema kanuni za mashindano zinakataza jaji kumpa alama ndugu yake. Nikamtazama Chrispin, Mnyiramba huyu anayejua utani kuliko mimi, nikatamani kumtupia karanga. Alikuwa anatazama soda yake.

"Basi alama zangu kwa Eliana zifute," nikasema. "Weka zako, Bwana Sixbert. Lakini weka za kweli."

"Hapo ndipo penye shida," akasema, na nilimwona anaumia, si kwamba alikuwa mtu mbaya. "Ndugu akisema ubaya wa ndugu yake mbele za watu, mtu anaamini, maana hana faida nayo. Akija baadaye chumbani kusema uzuri wake, hilo ni jambo lingine. Nikilikubali, nitamwambia nini mzazi wa Joshua?"

Nilikuna kichwa, nikavua kofia, nikaivaa. Mtu amenifunga kwa kamba yangu mwenyewe na fundo lilikuwa zuri, siwezi kusema uongo. Nikamwambia twende tukaugonge tena. Akasema hata akiugonga, yeye atajuaje? Kwake vyote vinalia. Nikampigia Mama Dorkas, simu haipatikani. Na nje mgeni rasmi alikuwa ameshasimama kunyoosha miguu kwa mara ya pili.

Tukatoka. Saa ya Joshua ikawa ya kwanza. Kijana akaruka, mama yake akapiga vigelegele, sanduku jipya likafungwa na kukabidhiwa. Halafu Bwana Sixbert, kwa kuwa ni mtu wa haki, akaona atoe na sababu. Akasema kwenye kipaza sauti kwamba mlango wa Eliana Mazengo umekuwa wa pili kwa pengo dogo sana, kwa vile mtaalamu wa mbao amethibitisha kwamba mbao zake hazijakauka.

Wenyeji walielewa papo hapo. Niliona vichwa vinageuka kimoja kimoja kunitazama, na mzee mmoja mbele akashika mdomo. Eliana hakulia. Alinitazama kama mtu anayesubiri umalizie utani wako. Iliniuma. Mdomo huu umeshanigombanisha na wateja, na mashemeji, hata na mchungaji, lakini haukuwahi kumnyang'anya mtoto wa watu kazi.

Nikamfuata nje. Nilikuta amesimama karibu na pikipiki yangu.

"Mtani," nikasema. "Nimekuharibia. Nilimweleza, akakataa. Mlango wako ndio wa kwanza."

"Najua ndio wa kwanza," akasema. "Hili sanduku la nani?"

"Langu."

Akafungua mpira uliolifunga. Taratibu, wala hana haraka. Akalishusha chini, akafungua kifuniko, akatoa randa yangu. Mpini wa randa hiyo niliuchonga mwenyewe nikiwa kijana, umeshaingia kwenye kiganja changu, na mke wangu haruhusiwi hata kuifutia vumbi. Akakiangalia kisu chake kwenye mwanga, jicho moja amefunga, akaridhika.

Bwana Sixbert alikuwa ametufuata, akanishika mkono. "Mzee, anachukua vitu vyako."

"Ana haki," nikasema.

Na anayo. Mtani ukimzidishia, anachukua kitu chako, chochote alichokiona, na huendi polisi wala kwa mwenyekiti wa kijiji. Unakikomboa kwa kitu kidogo atakachotaja, na mkishakula pamoja yameisha. Wazee wetu walichukuliana hata ng'ombe. Bwana Sixbert alisimama pale akitazama na nadhani ndipo alipoanza kuelewa, maana alivua miwani, akaifuta muda mrefu, akamwambia Eliana pole. Alisema pole ya kweli. Kwa upande wa ushindi wa Joshua, jambo lilikuwa limeshapita.

"Nakomboa kwa kitu gani?" nikamuuliza mtani wangu.

"Jogoo mmoja." Alikuwa ameshalipandisha sanduku begani, na ni zito, nalijua. "Mbao zangu si mbichi? Nitaziranda na randa yako mpaka zikauke. Siku ukileta jogoo, unachukua vitu vyako."

"Jogoo tu?"

"Mnyaturu kutoa jogoo si jambo dogo."

Watu waliokuwa wamejikusanya wakacheka, naye akacheka, na mimi nikajikuta nacheka huku roho inaniuma kama jino. Akaondoka na sanduku langu kuelekea stendi.

Kenchi la Issuna nililimalizia kwa vifaa vya kuazima, nyundo inayochomoka kichwa na msumeno wa babu wa mtu. Mwenye nyumba akaniuliza zangu ziko wapi. Nikamwambia ziko Manyoni, zimepata kazi karakanani.

Tangu hapo Eliana hunipigia karibu kila Jumapili. Ananisimulia kazi: wametengeneza madawati, wametengeneza vitanda, bosi amempa meza yake mwenyewe ya kazi. Mtu mmoja wa Itigi ameagiza mlango wa hodi, anataka na hodi ya mkwe iwe tofauti ili apate muda wa kuvaa shati. Halafu mwisho lazima aulize.

"Mtani, jogoo yuko wapi?"

"Bado namtafuta," namwambia. "Siku hizi jogoo ni adimu."

Jumapili iliyopita aliuliza tena. Nilikuwa nyumbani, nimekaa dirishani. Nikamwambia afadhali asahau, kideri kimepita kijijini kwetu, kuku wote wamekufa, hakuna hata kifaranga. Nikaongeza sauti ya huzuni kidogo. Jogoo wangu mkubwa, yule mwekundu, akaruka juu ya dirisha, akanyoosha shingo mpaka karibu na simu, akawika. Wa pili akamwitikia kutoka zizini, na wa tatu, na wa nne.

Upande wa pili, kwa mbali, nilisikia mashine za karakana.

"Pole kwa msiba, mtani," akasema Eliana, na nikasikia randa yangu inaanza tena kutembea kwenye mbao.